Maziwa Yaliyopita Juani

Mtu huyo hakubisha hodi. Ikra alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba ya maziwa pale Wabera, akifunga kamba jerikeni mbili za maziwa ya kupelekwa Ngaremara, akingoja boda, alipoona kivuli cha ngazi kikipanda ukuta kabla hajamwona mwenye ngazi. Alikuwa mwanamume mfupi aliyevaa kofia ya sufu, kofia ya sufu katika joto lile, na alikwisha kuiegemeza ngazi kwenye paa kana kwamba amefika kwao.

"Habari ya hapa," akasema.

"Nzuri. Unatafuta nani?"

"Sitafuti mtu, madam. Nimetumwa kuchukua hizi." Akanyoosha spana juu, kwenye paneli sita za kioo zilizolala juu ya mabati, nyeusi na zinazong'aa. "Naitwa Kiogora. Mimi ni fundi wa maji, natoka Meru. Pikapu iko hapo nje."

Ikra akacheka. "Umepotea nyumba, fundi. Hizo ndizo zinapika maziwa yetu."

Akajiuma ulimi, akageuka kuona kama kuna aliyemsikia. Neno kupika halikutamkwa katika nyumba ile.

"Zinapasha," akajisahihisha.

"Zikipika, zikipasha, mimi nimeambiwa nizifungue." Kiogora akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua polepole kwa vidole vyenye grisi. Ilisema kwamba paneli sita na tangi lake zimeuzwa kwa hoteli moja ya watalii upande wa Leparua, zikapashe maji ya kuoga wageni. Chini palikuwa na muhuri wa kikundi cha akina mama, na juu ya muhuri alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau. Bisharo Awale, mwenyekiti.

Ikra alilitazama dole lile. Lilikuwa na kovu la kisu katikati. Alilijua kovu hilo kuliko alivyojua sura yake mwenyewe, maana dole lenye kovu hilo ndilo lililomfuta machozi tangu akiwa na miaka minne, siku waliyomzika mama yake. Bisharo alikuwa mama yake mdogo. Kwa Kisomali huitwa habaryar, na kwa desturi yao mkubwa naye humwita mtoto kwa jina lile lile. Basi miaka ishirini na miwili wawili hao walikuwa wakiitana Habaryar, Habaryar, kama mtu na mwangwi wake. Maziwa ya ngamia aliyouza Bisharo kando ya barabara ndiyo yaliyomsomesha Ikra hadi akapata shahada ya teknolojia ya chakula.

"Kuna makosa," Ikra akasema. "Keti kidogo. Nitampigia simu."

Simu ikalia hadi ikachoka. Akapiga tena. Kiogora hakuketi, alisimama akiwa ameshika ngazi kwa heshima, kama mtu aliyeingia msibani bila kujua.

Ili mtu aelewe karatasi ile ilimaanisha nini kwa Ikra, ni lazima ajue jinsi paneli zile zilivyofika juu ya paa. Kwa wafugaji wa Kulamawe, na kwa wazee wengi wa mjini, maziwa ya ngamia hayaonyeshwi moto. Ukiyachemsha, chuchu za ngamia aliyeyatoa hukauka, hata kama yuko malishoni mwendo wa siku mbili. Hivyo watu huyanywa mabichi, kutoka kwenye vyombo vilivyofukizwa moshi wa mti mtamu, na wengine hupata homa ya brusela inayokula viungo na kuharibu mimba. Daktari akisema chemsheni, watu huitikia, kisha hurudi nyumbani wakanywa kama walivyokunywa babu zao.

Ikra alirudi kutoka chuoni na jibu. Mabomba ya shaba yaliyopakwa rangi nyeusi hulala chini ya kioo. Maji hupita ndani yake, hupata joto la jua, hushuka hadi kwenye sufuria kubwa yenye kuta mbili, na huyazunguka maziwa bila kuyagusa. Nyuzi sitini na tano kwa nusu saa, na vijidudu vya homa vimekwisha. Hakuna kuni, hakuna gesi, hakuna moto. Aliandika barua kwa mashirika mwaka mzima hadi moja likakubali kukipa kikundi mtambo. Kisha akaenda Kulamawe kuongea na wenye ngamia.

"Wazee," aliwauliza, "jua huwapiga ngamia?"

"Huwapiga kila siku ya Mungu."

"Na chuchu zao hukauka kwa jua?"

Wakatazamana. Huqa, Mborana mwenye ngamia wengi kuliko wote, akaanza kucheka taratibu hadi bakora yake ikaanguka. "Huyu msichana ametufunga," akasema. "Jua si moto. Pasheni."

Hiyo ilikuwa siku ya furaha kuu katika maisha ya Ikra. Januari mtambo ulianza kazi. Februari Habaryar alimwambia, "Sasa wewe tafuta wateja, kazi ya hapa tuachie sisi kina mama." Tangu hapo Ikra alikuwa akitoka asubuhi na maziwa ya jana yaliyokwisha kupozwa, akirudi jioni. Kila jioni alitazama juu ya paa, akaona kioo kikiakisi machweo, moyo wake ukajaa.

"Madam," Kiogora akaita kutoka juu. Alikuwa amechoka kungoja, akapanda walau kukagua. "Njoo uone kitu."

Ikra akapanda nusu ngazi. Fundi alikuwa amefungua koki ya kutolea maji. Hakuna kilichotoka. Akaingiza kidole kwenye mdomo wa bomba, akachimba, akatoa donge la udongo mkavu lenye vitundu vidogo.

"Nyigu," akasema. "Amejenga nyumba humu ndani. Amelea watoto, wamekua, wameruka. Maji ya moto hayajapita hapa leo wala jana. Hii ni kazi ya wiki nyingi."

"Haiwezekani. Kuna daftari."

"Basi uliza daftari."

Daftari lilining'inia kwenye msumari kando ya sufuria. Ikra alilifungua akiwa amesimama. Habaryar hakuwahi kushika kalamu kabla ya mwaka huo, hesabu zake zote alizibeba kichwani. Ilikuwa Ikra aliyemfundisha tarakimu, mkono wake juu ya mkono ule mzito, ili aweze kusoma kipimajoto na kuandika. Tano ilikubali upesi. Sita ilikataa: kila mara ilitoka na tumbo kubwa lililoinama mbele kama mjamzito anayetafuta kiatu. Walicheka siku ile mpaka Bisharo akafunga mdomo kwa mtandio.

Sasa sita zile zilipangana ukurasa baada ya ukurasa, zote na matumbo yao. 65. 65. 65. Januari na Februari kulikuwa na 63, na 67, na siku moja ya mawingu 58 pamoja na alama ya kwamba maziwa yamerudishwa. Kuanzia mwisho wa Machi, 65 peke yake. Aprili mvua ilinyesha siku tano bila kupumua, barabara ya Kulamawe ikakatika, hata tone la maziwa halikufika mjini siku mbili. Siku hizo mbili pia, 65 na 65.

Ikra alikuwa amelipitia daftari hilo mara ngapi? Aliziona zile sita, akatabasamu kwa ajili ya mkono uliozichora, akalirudisha msumarini. Aliziona, hakuzisoma.

Kisha akamkumbuka Nakal.

Nakal alikuwa na kibanda cha chai Ngaremara, kando ya lami. Alikuwa Mturkana mwenye ulimi wa upanga na kicheko cha kusamehe. Mimba yake ya kwanza ilitoka kwa homa ya maziwa. Mara ya kwanza Ikra alipomfikia na jerikeni, Nakal alishika kiuno.

"Wewe Msomali, wenzako waliniuzia ugonjwa. Wewe unaniuzia nini?"

"Maziwa yaliyopita juani."

"Shule imekuharibu. Sasa unauza jua." Akacheka, akaonja, akaramba mdomo. Halafu uso wake ukawa mzito. "Nina mtoto tumboni, mdogo sana. Daktari amesema nisiguse maziwa mabichi. Na siku jua likilala?"

"Siku hiyo nitakuja nikwambie mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla hujaonja."

"Sema wallahi."

"Wallahi."

Tangu hapo Nakal alikunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni, baridi, bila kuchemsha, kwa sababu ya neno hilo.

"Salaam aleikum."

Bisharo alikuwa ameingia kwa mlango wa mbele. Alinukia moshi wa kufukizia vyombo, harufu ambayo kwa Ikra ilikuwa ndiyo maana ya nyumbani.

"Aleikum salaam," Ikra akajibu, kwa kuwa salamu hainyimwi hata aliyekukosea.

Bisharo akatazama ngazi, akatazama daftari. Kisha akamwinulia Kiogora uso. "Fundi, umekunywa chai?"

"Bado, mama."

"Ikra, mpe mgeni chai."

Ikra hakusogea. "Hii sita ni ya nani?"

"Yangu. Si ulinifundisha wewe."

"Siku barabara ilikatika ulipasha nini, Habaryar? Ulipasha mvua?"

Bisharo akavuta kreti, akaketi. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Mwezi wa tatu Huqa alikuja hapa. Wewe ulikuwa huko Ngaremara yako. Ngamia wake watatu walivimba chuchu, wakakauka. Hakunisalimu. Alichukua jerikeni zetu mbili, akazifudikiza pale mlangoni, akaenda." Akaonyesha mahali penyewe. "Wewe umesoma, lakini hilo huhitaji kusoma. Ukifudikiziwa chombo cha maziwa mlangoni, umeambiwa yote: hakuna maziwa tena."

"Huo ni ugonjwa wa chuchu. Una dawa. Ungeniambia."

"Nikikwambia, ungepanda gari kwenda Kulamawe na kipimajoto."

"Ningekwenda, ndiyo."

"Na Huqa angekufudikiza wewe." Kiogora, juu ya paa, alikohoa kuficha kicheko. Bisharo hakucheka. "Kina mama thelathini wanakula hapa. Wajane ni kumi na moja, na bei ya vioo hivyo ni chakula chao. Niwalishe jua? Nilimwapia Huqa kwamba maziwa yake hayataona joto tena, si la moto wala la jua. Akaja akazisimamisha tena jerikeni. Na yeye sikumdanganya."

"Ukanidanganya mimi."

"Wewe ni wangu," Bisharo akasema, kama mtu anayeeleza jambo dogo. "Mtu wa nje ukimdanganya atakukimbia. Wewe utakwenda wapi?"

Ikra alisikia maneno hayo yakishuka ndani yake na kutafuta mahali pa kukaa. Angeweza kustahimili hofu ya njaa. Angeweza kustahimili Huqa. Lakini hilo, kwamba mapenzi yake ndiyo yaliyomfanya awe rahisi kudanganywa, hakujua aliweke wapi.

"Miezi miwili umenifungia jerikeni kwa mkono wako," akasema. "Umeniombea dua mlangoni. Ukaniacha niende nikaape."

"Sikukutuma uape."

"Nakal ana mimba."

"Najua. Namtaja kwenye dua kila alfajiri."

"Ungemtaja kwangu."

Nje ngamia wa mtu alipita akiguna. Bisharo akakung'uta vumbi lisilokuwepo kwenye goti.

"Babu yako alikuwa askari wa Mwingereza, akafika hadi Burma na kurudi, akafa na miaka tisini. Alikunywa mabichi."

"Alizika watoto wanne."

"Kwa kudra ya Mungu."

"Na watu wa Ngaremara, je? Hao wangekunywa mabichi wakijua ni mabichi, hiyo ni hiari yao. Mimi niliwaondolea hiari, na hata sikujua."

Bisharo akainuka, akamsogelea. Sauti yake ikawa ile ya zamani, ya kubembeleza mtoto mwenye homa. "Sikiliza, Habaryar. Nitamwambia fundi aache paneli mbili. Hoteli itachukua nne. Hizo mbili zitakuwa zako, utapasha maziwa ya Ngaremara peke yake, mikono yako, macho yako. Huqa hatajua. Kuanzia leo Nakal atakunywa salama. Ila haya yaliyopita, yaache yapite. Ukienda kuyasema, jioni yatakuwa yamefika sokoni. Hakuna atakayenunua kwetu tena, hata Nairobi. Na kina mama watajua ni nani aliyewafungia mlango."

Lilikuwa pendekezo zuri. Ubaya wake ndio huo, kwamba lilikuwa zuri. Ikra alijiona ameinama juu ya sufuria ndogo, kipimajoto mkononi, sindano ikipanda hadi sitini na tano za kweli. Paneli mbili zingetosha kuanzia. Mwaka kesho nne. Huqa angepata daktari wa mifugo, angeshawishika. Kila kitu alichokiota kiliwekwa mbele yake kwa bei ya kunyamaza tu.

Na Nakal angekuwa na kikombe cha jana mkononi, na cha juzi, na vya siku zote hizo damuni mwake, bila kujua kwamba kuna kitu cha kupimwa. Homa ya brusela ikigunduliwa mapema ina dawa. Isipogunduliwa, Nakal alikwisha kuyaona mwenyewe kwa mimba yake ya kwanza.

"Sasa, mama," Kiogora akaita kutoka juu, spana mkononi, "nifanyeje? Naacha mbili?"

Bisharo alimtazama Ikra.

"Fungua zote, fundi," Ikra akasema.

Akafungua jerikeni mbili za Ngaremara moja baada ya nyingine, akamwaga maziwa kwenye mtaro, mbele ya macho ya aliyemlea. Mkono wake ulikuwa mzito kama wa mtu anayemwaga chakula cha wageni. Boda ilipiga honi nje.

"Ukienda," Bisharo akasema nyuma yake, taratibu, "sijui kina mama watasema nini ukirudi."

"Na wewe utasema nini?"

Bisharo akaokota jerikeni tupu, hakumwita Habaryar. Ikra alingoja kidogo mlangoni, akipanga mtandio uliokuwa umekwisha kupangika, kisha akatoka. Nyuma yake alisikia boliti ya kwanza ikilia, ikilegea.

Njia yote hadi Ngaremara jua lilikuwa kali, jua zuri kabisa, jua la kupasha maji hadi yaimbe. Hakulitazama.

Nakal alimwona akishuka mikono mitupu.

"Leo Msomali amekuja na upepo," akawaambia madereva wawili wa malori waliokuwa kwenye benchi. "Jerikeni yangu iko wapi? Au leo jua limegoma?" Tumbo lake la miezi saba lilisukuma kanga mbele. Kando yake, kwenye meza, palikuwa na jagi la maziwa ya jana na kikombe kilichofikia nusu.

Ikra alikuwa amepanga maneno njiani. Yote yakampotea.

"Weka hicho kikombe chini, Nakal."

Nakal akakiweka. Kicheko kikabaki kwenye midomo, kikiwa hakijajua kwamba kimekwisha.

"Ni mabichi," Ikra akasema. "Hayo, na ya juzi, na yote tangu mwezi wa tatu. Mtambo ulizimwa. Mimi sikujua, lakini ningeweza kujua. Daftari lilikuwa mbele yangu."

Dereva mmoja akaishusha glasi yake polepole, kana kwamba ingepasuka. Nakal alimtazama Ikra. Ikra akauona uso ule ukipita mahali pale pale ambapo wake ulipita asubuhi. Aliijua njia hiyo sasa, kila kona yake.

"Asubuhi na jioni," Nakal akasema hatimaye. "Watu waliniambia chemsha, nikawaambia hapana, haya yanatoka kwa Ikra."

"Najua."

"Ulisema kabla sijaonja."

"Nilisema."

"Umechelewa miezi miwili."

"Siku sitini na mbili," Ikra akasema. Alikuwa amezihesabu juu ya boda. "Twende zahanati wapime damu. Hata kama huna homa. Ikiwa iko, kuna dawa, na bado kuna wakati. Nitakaa na wewe kwenye foleni."

"Na watu wakiniuliza kwa nini nimefunga kibanda?"

"Waambie. Taja jina langu, hakuna haja ya kulificha."

Nakal akachukua jagi kwa mikono miwili, akatoka nalo hadi ukingo wa lami. Akayamwaga maziwa mchangani. Yalikaa juu kidogo, meupe, kisha ardhi ikayanywa. Akarudi, akawaambia madereva wamalize chai yao, akateremsha turubai la kibanda na kulifunga kwa fundo ambalo mikono yake ilikosea mara mbili. Ikra alitaka kumsaidia, hakuthubutu.

Kisha Nakal akaanza kutembea kuelekea zahanati, mkono mmoja chini ya tumbo, bila kugeuka kuona kama anafuatwa. Ikra akachukua kigoda kilichobaki nje ya turubai, maana foleni ya zahanati haina viti, akakibeba, akamfuata.